Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Shule, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Jiji letu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa wote shikamooni.

Karibu sana shuleni kwetu. Meza yetu ni ile yenye kokwa za zambarau, karela na majani ya mlonge. Vyote vimetoka soko la Ngamiani, ambako ukitamka tu kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa sukari, kila muuzaji ana chake cha kukupa. Sisi tumejiuliza: vinapimwaje?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maabara yetu inamudu kipimo kimoja. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachovunja wanga kuwa sukari. Tunachanganya uji mwepesi wa wanga, mate na maji ya mmea, tunasubiri, kisha tunadondosha iodini. Rangi ya buluu nzito ikibaki, wanga haujavunjwa, na huenda mmea ndio uliokizuia kimeng'enya, yaani huenda ungepunguza sukari inayotoka kwenye chakula.

Tunasema huenda kwa sababu tanini za majani hung'ang'ania protini za kila aina, si amilesi peke yake. Kwa kipimo hiki hata chai ya rangi yaweza kuitwa dawa! Tena mimea mingine huifuta rangi ya iodini yenyewe, mate yasiwepo kabisa. Ndiyo maana kila mmea una bomba lake la pili lisilotiwa mate.

Na mmea ukifaulu hapo, safari bado ni ndefu. Mmea wa Ulaya uitwao Galega ulikuwa na kemikali iitwayo galegini, iliyoshusha sukari lakini ikawa na sumu. Wanakemia walitafuta jamaa zake zilizo salama zaidi. Mojawapo, metformini, dawa unayowaandikia wagonjwa kila siku, ilitengenezwa mwaka 1922. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Florizini, kemikali ya gome la mti wa tufaha (epo), ilijulikana tangu 1835, na dawa za sukari zilizotokana nayo zimeingia hospitalini katika karne hii.

Wapo wazazi waliokwisha kutuomba chupa ya maji ya kokwa. Tumewanyima, nao tunaomba wasitukasirikie. Bomba la maabara halina ini wala figo. Mtoto anayeishi kwa insulini akiachishwa sindano kwa ajili ya majani, maisha yake yamo hatarini. Na mtu mzima akichanganya mitishamba na vidonge bila daktari kujua, sukari yaweza kushuka hadi akazimia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakadiria rangi kwa macho, na macho ya wanachama hayakubaliani. Tunaomba kolorimita, kifaa cha kupima ukolezo wa rangi, hata iliyotumika, pamoja na mizani ya kidijitali. Tunaomba pia utusaidie kufika Amani, wilayani Muheza, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, tukaone mikwinini, miti ambayo gome lake lilitoa dawa ya malaria. Basi la shule lipo. Kinachokosekana ni mafuta.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi