Ndahani, hiyo biti usiitafutie mwimbaji

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Oya Ndahani mwanangu,

Mambo vipi huko Dar, joto linasemaje. Huku upepo wa mwezi wa nane umeshaanza fujo zake, unaanika nguo asubuhi saa nne zimekauka ila zina vumbi kuliko kabla hujazifua. Mama anakusalimia, anasema umepotea sana na safari hii ukija usije mikono mitupu. Shangazi yako wa Makole nimekutana naye soko la Majengo juzi, mzima kabisa, kanichagulia na nyanya.

Haya tuje kwenye ishu. Ile biti uliyonitumia nimeisikiliza, nimesikiliza kwenye simu, nikaenda kuiunganisha kwenye spika ya kinyozi hapa jirani na duka, watu wakatingisha vichwa na hakuna aliyeuliza mbona haina maneno. Na zile voisi zako zote nimezisikiliza, hata ile ndefu uliyorekodi ukiwa kwenye mwendokasi umelalamika weee mpaka mtu anakuomba umpishe ashuke hahaha. Nimeelewa kwamba dairekta wa hiyo filamu fupi anang'ang'ania lazima mtu aimbe, kwamba yule dada mwenye sauti anakuzungusha kila siku kesho, na kwamba umechoka unataka kufuta faili zima uanze kitu kingine. Mi nakuomba usifute. Na huyo dada achana naye kwa amani kabisa, biti haimhitaji.

Najua utasema we muuza spea za pikipiki muziki umeujulia wapi. Sawa bana. Ila nijibu hili, Axel F unaikumbuka?

Usijifanye huijui. Ile ya chura wa katuni, Crazy Frog! Ile ambayo mwaka 2005 kila mwenye simu ya kichina au Nokia ya kaka yake alikuwa nayo, darasani simu ikilia kwenye begi la mtu mwalimu anaanza kupekua begi moja moja na sisi tunajifanya hatujasikia kitu. Sasa ule wimbo watu wengi wanadhani ni wa chura mpaka leo, hata mdogo wangu kanibishia hapa juzi tukapandishiana sauti mpaka jirani akachungulia. Ule muziki ni wa muvi, tena umemzidi chura miaka ishirini na ushee. Muvi ni Beverly Hills Cop, ilitoka Desemba 1984, Eddie Murphy ndo staa, anaitwa Axel Foley, polisi mjanjamjanja wa Detroit anayeenda kwa matajiri California kumtafuta aliyemuua rafiki yake. Na we umeiona, tena umeiona na mimi! Ile jamaa anapachika ndizi kwenye bomba la moshi la gari la polisi wenzie wanaomfuatilia. Tuliitazama kwenye kile kibanda cha Chang'ombe chenye viroba dirishani, tumekaa kwenye mabenchi ya mbao, ile mikanda yenye dijei anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu, anaongea yeye mwanzo mwisho, wakipigana anaongea, wakilala anaongea, anawapa majina ya mitaani, anatuma na salamu humohumo. Wazungu wenyewe walikuwa wanasema nini hakuna aliyejali. Kilichokuwa kinapenya ni kale kamuziki, kwa sababu pale dijei hana cha kutafsiri, anaacha kapige kidogo avute pumzi. Tukitoka nje tunakaimba kwa mdomo mpaka nyumbani, te te-te te te te te, huku tunanyata kama polisi.

Sasa sikiliza hicho kibao kilivyotengenezwa, hapa ndo nataka uwe makini. Aliyekitunga ni Mjerumani, Harold Faltermeyer, mtu wa Munich, alikuwa anafanya kazi na Giorgio Moroder yule wa disko. Hakuita okestra, hakuita mtu yeyote. Kapiga vyote mwenyewe kwa mashine tano tu. Ile sauti kali ya mbele inayoimba ni kinanda cha Roland Jupiter-8. Besi ni Moog. Zile kodi, yani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazochomachoma ni Roland nyingine, JX-3P, alafu kuna sauti kama ya marimba inayorukaruka katikati hiyo ni Yamaha DX7, na ngoma zote ni mashine inaitwa LinnDrum. Basi, kikosi kizima ni hicho. We hapo kwenye laptop yako iliyopasuka kona una vyote hivyo na mara mia zaidi na bado unalia huna mwimbaji.

Na kitu kingine cha kusikiliza ni jinsi kinavyoanza. Hakuna kupashapasha. Ule mstari wenyewe wa te te-te te unaanza peke yake, uchi kabisa, hujavalishwa hata ngoma, unaushika kichwani palepale, ndo mashine nyingine zinaanza kuingia moja moja kumsindikiza. Kwahiyo ngoma inapoingia wewe msikilizaji tayari unaujua wimbo, unajiona kama mwenyeji. Mi nadhani hapo ndo siri yote ilipo na nimeusikiliza sana nikiwa dukani siku hazina wateja.

Matokeo yake? 1985 kikatoka kama singo, Marekani kikafika namba 3 kwenye chati kubwa ya Billboard na Uingereza namba 2. Fikiria ni chati za enzi zile wababe wote wa kuimba wako hai wanatoa nyimbo, alafu katikati yao kuna kitu hakina hata "oh baby" moja. Muziki wote wa ile filamu ukachukua na Grammy 1986. Huyohuyo Faltermeyer akaenda kufanya ule wa muvi ya Top Gun, ule wa gitaa, gitaa lenyewe kapiga Steve Stevens, nao hauna neno, nao ukabeba Grammy. Yani jamaa hakubahatisha.

Alafu tuje kwa chura maana hapa mi ni mtaalamu, utanyamaza. Ile "ring ding ding" ya chura siyo mashine, ni mdomo wa mtu. 1997 kijana mmoja wa Sweden, Daniel Malmedahl, alijirekodi akiigiza pikipiki ndogo. Na kaigiza vizuri, ile ni pikipiki ya kuchanganya oili na petroli kabisa, unasikia inavyokataa kuwaka, anapiga kiki, inakohoa, inashika, anavuta moto, inapiga kelele nyembambaaa. Nina mafundi wawili hapa nje ya duka niliwasikilizisha mmoja akasema kabureta chafu hiyo, kwa umakini wote, wala hakuwa anatania. Baadaye 2003 Msweden mwingine Erik Wernquist akachora yule mdudu wa kuiendesha hiyo sauti, kampuni ya milio ya simu ikamnunua ikamuita chura japo mi mpaka leo sioni uchura wake, na 2005 wakamuunganisha na Axel F. Uingereza ikakaa namba 1 wiki nne. Watu walikuwa wanalalamika matangazo yake kwenye TV yamezidi na bado wananunua. Leo hii ile video ina zaidi ya mara bilioni 4 YouTube. Kanda ya nyimbo kumi na mbili haikuitajika, okestra haikuitajika, ni ule mstari mmoja wa Mjerumani uliovaa nguo nyingine ukaingia tena mjini.

Na kingine kilichonichekesha, 2024 Eddie Murphy karudi na muvi ya nne, wameiita Beverly Hills Cop: Axel F. Wimbo ulichukua jina la jamaa wa kwenye muvi, sasa muvi imechukua jina la wimbo. Nikasema huyu mtunzi alale usingizi mzuri.

Utaniambia hao wana mahela ya Hollywood, wewe uko Sinza kwenye chumba kimoja na feni inayoingia kwenye maiki. Haya, ngoja nikupe wa pili ambaye hana hata mashine tano. 1949 kuna filamu ya Uingereza inaitwa The Third Man, imepigwa Vienna mji ukiwa bado magofu ya vita. Muziki wake wote kaupiga mtu mmoja kwa chombo kimoja, Anton Karas, alikuwa anapiga zither kwenye vilabu vya mvinyo vya Vienna, ni chombo cha nyuzi unakilaza mezani unakidonoa kwa vidole, ukikisikiliza sana unaweza kudhani kina undugu na zeze letu. Dairekta Carol Reed akamsikia huko, akampenda, akamchukua mpaka London. Mwaka 1950 ile tyuni ikakaa namba 1 Marekani wiki kumi na moja. Mpigaji wa kwenye kilabu cha mvinyo bana! Sisi huku zabibu tunazo, mvinyo tunao, vilabu ndo usiseme, bado mwenye zeze tu atokee.

Na hapo ndo nakurudia wewe. Kwenye biti yako, pale inapoingia ile ilimba, ile marimba yetu ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba, uliirekodi wapi ile? Kama ni kwa yule babu wa Chamwino tuliyemkuta kwenye tamasha la muziki wa Kigogo basi kampelekee hata kilo ya sukari. Maana ile ndo wimbo wako wenyewe ulipo, ile sehemu ilimba inapanda mara tatu alafu ya nne inagoma inashuka, yani mi niliisikia usiku nimeamka nayo asubuhi napiga mswaki naimba. Mzee Hukwe Zawose, yule nguli wetu wa muziki wa Kigogo, alikuwa na sauti ya ajabu hilo halina ubishi, ila hata yeye kuna mahali alikuwa ananyamaza anaiacha ilimba iongee, na hapo hakuna Mgogo aliyewahi kuuliza mwimbaji kaenda wapi. Kila siku jioni hapa mtaani anapita muuza aiskrimu na baiskeli, kale kamuziki kake kanalia kakiwa bado huko kona ya msikiti, watoto wanatoka mbio wameshika mia mbili mbili mkononi, hakuna aliyewaambia neno. Huyo dairekta wako mlete akae hapa barazani nusu saa tu.

Sasa kasoro, maana sikusifii bure. Umeificha. Unaanza na vilio vya upepo, mara kinanda cha kanisani, mara king'ora (king'ora cha nini Ndahani?), inaenda karibu dakika nzima ndo ilimba inatokea imechoka. Ilete mbele ianze yenyewe peke yake, irudie, ndo ulete ngoma. Na zile sauti za vayolini za kompyuta ulizoziweka juu yake zinaifunika, zifute au zipunguze ziwe chini kabisa. Besi usiiguse, iko sawa, kinyozi mwenyewe kasema. Mwishoni pia usiimalize kwa kuififisha taratibu kama unaaga msiba, kata tu.

Na kuhusu dairekta, usiende kubishana naye kwa maneno, utashindwa, wewe ukikasirika unaanza kuongea Kigogo. Mwekee ile sini ya yule mama anayetembea na ndoo barabara ya Kondoa, weka ilimba peke yake, mwache aangalie, kisha muulize hapo angetaka mwimbaji aseme nini. Akishindwa kujibu mwambie malipo ya mwimbaji uongezewe wewe. Hilo la malipo usilisahau, nakujua.

Ukimaliza nitumie faili la WAV siyo lile la WhatsApp limebanwa mpaka linakoroma. Nitalipeleka na kwa yule jamaa wangu mwenye basi la Singida, ana spika nzuri na abiria wa Manyoni na Itigi hawana pa kukimbilia, wataisikia wapende wasipende.

Alafu jambo la mwisho, nimehesabu kwenye hiyo biti yote kuna sauti ya binadamu mmoja tu, wewe, unanong'ona "Ndahani kwenye mashine" kila baada ya ubeti. Na huyo naye mtoe.

Salimia shemeji na watoto. Ukija na treni nijulishe mapema nije stesheni na pikipiki.

Wako,
Mussa wa spea