Kabla hamjaichoma hiyo mota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanunuzi wa vyuma chakavu wa hapa Moshi, pamoja na vijana wanaowapelekea mzigo.

Mimi ni fundi wa kusuka mota, Pasua. Jioni moja nilifuata moshi mweusi uliokuwa ukitoka korongoni, nikakuta mota ya mashine ya kusaga, ya hospawa 10, imelazwa juu ya matairi yanayowaka ili shaba ya ndani ipatikane. Nilipoikagua baadaye, beringi ndizo zilizokuwa zimekufa. Koili, yaani waya za shaba zilizosukwa ndani, huenda zilikuwa nzima! Mota ile ingerudi kazini.

Wengi hawajui kwamba moto hauli vanishi inayofunika waya peke yake. Kile kiini kinachobeba koili si pande moja la chuma. Ni mabati membamba yaliyopangwa, kila bati limetengwa na mwenzake kwa utando mwembamba. Moto mkali ukiuunguza utando huo, mabati yanagusana, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe, na mota inachemka hata ukiisuka kwa ustadi gani. Kiini cha namna hiyo sisi mafundi hatukitaki hata bure. Anayechoma naye anapunjika: shaba hubabuka magamba meusi, yakapukutika kabla ya kufika kwenye mizani.

Na moshi wenyewe? Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa gesi ya asidi inayowasha macho na koo, na sumu ya dayoksini. Wanaouvuta kwanza ni hao vijana, wamesimama juu yake na fimbo ya kugeuzia. Halafu tunajisifu kuwa mji wetu ni msafi.

Kuna njia nyingine, nayo si ya kitaalamu. Kata vichwa vya koili, zile ncha zinazochomoza nje ya kiini, upande mmoja kwa tindo kali, sawasawa na kiini, kisha sukuma waya zitokee upande wa pili, mfereji mmoja mmoja wa kiini zilimolala. Inachosha, sibishi.

Ombi langu ni kwa wenye mizani. Mota ikifika nzima, iwekeni kando siku mbili tatu, mafundi tupite tuzipime. Tutakayoichukua tutalipa zaidi ya bei ya chakavu. Na shaba iliyochomwa ipunguzeni bei. Mkiipokea sawa na iliyokatwa, nani atahangaika na tindo?

Fundi mota,
Pasua, Moshi