Mwanangu, ile mitungi ya Wagiriki iangalie tena

Mwanangu Rehema, hujambo huko kwenye baridi? Sisi wazima, baba yako anakusalimu.

Juzi umenitumia picha za British Museum, ile makumbusho ya London, halafu ukaandika eti "mama ni vyungu tu, kabati hadi kabati", nikacheka peke yangu, wewe mjukuu wa mfinyanzi kweli? Bibi yako angesikia angekukata jicho.

Vile vyungu vya Athens, mji wa Wagiriki wa kale, ukiviangalia vizuri vinakwambia nani alikuwa nani pale mjini. Kile kikombe kipana chenye mguu, kylix, ni cha wanaume kulewea usiku wamejilaza vitandani, wake zao hawaingii kabisa, mwanamke utakayemuona humo ni mpiga zumari au wa kulipwa. Sasa njoo kwenye mtungi wa maji, hydria, una mikono mitatu, miwili ya kunyanyulia na mmoja wa kumiminia, hapo ndo utawakuta wanawake wamechorwa kisimani na mitungi kichwani. Yaani chombo chenyewe kimeshagawa kazi.

Na ile chupa nyembamba nyeupe, lekythos, ni ya mafuta ya kupeleka kaburini, nyingine ndani shingoni kumefichwa kikopo kidogo, kwa hiyo inaonekana imejaa kumbe mafuta ni kidogo tu, hata kwa marehemu watu walichakachua jamani!

Halafu ule weusi sio rangi ya dukani, ni udongo uleule umechujwa mpaka ukawa laini kabisa, wanachora nao, tanuri linapewa hewa, halafu linazibwa lijae moshi kila kitu kinakuwa cheusi, kisha linafunguliwa tena, chungu kinarudi chekundu ila palipochorwa panabaki peusi. Bibi angelielewa hilo haraka kuliko maprofesa wako.

Mafundi wenyewe walikuwa na majivuno, Euthymides mwaka wa 510 KK hivi kaandika kwenye mtungi wake kwamba Euphronios, mchoraji mwenzake, hajawahi kufanya kama yeye, si ni kijembe hicho? Lakini kuna mwingine, Lydos, kaandika jina lake na kwamba yeye ni mtumwa. Hilo lilinikaa rohoni siku mbili, mtu anatia sahihi kazi yake na palepale anasema hajimiliki.

Ila ninaotaka uutafute hasa ni mtungi mmoja uko Italia, umechorwa karakana ya vyungu, mungu wao Athena kaja kuwavisha mafundi mataji, wanaume watupu, na pembeni kabisa kakaa mwanamke ana brashi anachora chombo kikubwa, yeye hakuna aliyemletea taji. Kwetu kufinyanga ilikuwa kazi ya wanawake, bibi alilisha watu saba kwa udongo, nikaangalia yule dada wa pembeni nikamuona mama yangu kabisa, mgongo umeinama vilevile.

Ukiupata picha yake kubwa nitumie niiprinti. Na ule mtungi wa bibi ulioko jikoni nimeuhamisha, watoto wa shangazi walikuwa wanaupigia mpira.

Mama yako.