Mamografia baada ya miaka 75: barua ya wazi kwa dada zangu na kwa madaktari wao

Dada zangu mlionitangulia umri, shikamooni. Wadogo zangu mnaoingia miaka ya sabini, hamjambo. Nanyi wanangu madaktari mnaokaa upande wa pili wa meza, barua hii ni yenu vilevile, maana shauri lenyewe halikatwi na mtu mmoja.

Mwanamke amekuwa akipiga mamografia, yaani picha za eksirei za kutafuta saratani ya titi, miaka nenda miaka rudi, hana dalili yoyote. Aendelee mpaka lini? Wengi hujibiwa "endelea tu, kinga ni bora kuliko tiba", au "mama, umri umekwenda, ya nini tena?" Majibu yote mawili hutolewa kabla mama hajaulizwa hata swali moja kuhusu afya yake.

Kwanza niweke kando jambo ambalo likichanganywa na haya huleta msiba. Ninayoyaandika hapa yanamhusu mwanamke asiye na dalili. Ukigusa kinundu kwenye titi au kwapani, ngozi ikivutwa ndani au ikawa na vitobo kama ganda la chungwa, chuchu ikizama ghafla au ikatoa damu, hapo habari ya umri imekwisha. Uwe na miaka 76 au 94, unakwenda kuangaliwa, tena upesi. Anayeacha mamografia za kila baada ya muda hajaacha kuyaangalia matiti yake.

Sasa, kwa nini 75? Kwa sababu majaribio makubwa yaliyoonyesha kwamba mamografia hupunguza vifo hayakuwachukua wanawake waliozidi miaka 74. Ndiyo maana jopo la Marekani linalotoa miongozo ya huduma za kinga, katika mwongozo wake wa 2024, linashauri kipimo kila miaka miwili kuanzia 40 hadi 74, na kuanzia 75 linasema ushahidi hautoshi kushauri kupima wala kutopima. Uingereza huwaita wanawake kila miaka mitatu kuanzia miaka 50 mpaka wanapotimiza 71. Baada ya hapo hawaitwi, ila wanaweza kuomba wenyewe. Msisome hapo kwamba kipimo hakifanyi kazi uzeeni. Titi la uzeeni limejaa mafuta zaidi na picha yake husomeka vizuri kuliko ya titi la kijana. Kinachokosekana ni uthibitisho kwa wote kwa jumla, kwa hiyo hesabu inabidi ifanywe kwa mtu mmoja mmoja.

Hesabu hiyo huanza na muda. Saratani inayoonekana kwenye picha kabla haijagusika, aghalabu ingechukua miaka mingi kufikia kuua. Uchambuzi wa majaribio hayo uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba tangu wanawake 1,000 waanze kupimwa mpaka kifo kimoja kiepukwe, hupita takriban miaka 10.7. Faida iko mbali. Usumbufu unaanza wiki ileile. Hapo ndipo ilipotoka kauli ya madaktari kwamba mwenye matarajio ya kuishi miaka 10 au zaidi anaweza kufaidika, na mwenye chini ya hapo ana uwezekano mkubwa wa kupata adha tupu.

Miaka 10 hiyo haisomwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Makadirio ya Marekani yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 75, robo yenye afya bora iliishi miaka 17 na zaidi, wa katikati karibu 12, na robo iliyo dhaifu chini ya 7. Kwa wenye 80 ilikuwa 13, karibu 9, na chini ya 5. Kwa wenye 85, ni robo bora tu iliyofika karibu 10 au zaidi. Kwa hiyo akina mama wawili wenye miaka 80, wamekaa benchi moja, wanaweza kustahili majibu tofauti kabisa.

Wanangu madaktari, hapa msikimbilie orodha ya magonjwa peke yake. Muulizeni: unaoga mwenyewe? Unatembea mitaa kadhaa bila kusimama kupumzika? Unaweza kusukuma kiti kizito? Hesabu za pesa zako unazifanya mwenyewe? Katika kipimo kimoja kinachotumika sana kukadiria uhai wa wazee, kushindwa kuoga peke yako kunapewa alama 2, kisukari kinapewa 1. Halafu ndipo mwongeze sigara, ugonjwa sugu wa mapafu, moyo kushindwa kusukuma damu, saratani nyingine, na wembamba. Dakika tano zinatosha kwa kazi hii.

Tuseme matarajio ni mazuri. Anapata nini, na kwa gharama gani ya mwili wake? Makadirio yanayotumiwa sana ni haya: tukichukua wanawake 1,000 wa miaka ya sabini wakaendelea kupimwa kila miaka miwili kwa miaka 10, vifo vya saratani ya titi vitapungua 2 hivi. Katika 1,000 haohao, karibu 200 wataitwa tena kwa picha yenye shaka, kisha ionekane hakuna saratani. Na 13 hivi wataambiwa wana saratani ambayo, isingeonekana, isingewaletea shida yoyote hadi mwisho wa maisha yao.

Hao 200 kwanza. Kuitwa tena maana yake ni picha za ziada, pengine ultrasaundi, na kwa baadhi yao kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa sindano chini ya ganzi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, kwani titi linaweza kuvia damu. Sehemu ya shida hii inaepukika. Siku ya kipimo usijipake poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama madoa ya chokaa, ambayo ni moja ya dalili zinazotafutwa. Na ukihamia kituo kipya, nenda na picha zako za zamani. Doa ambalo limekaa vilevile kwa miaka mingi halimsumbui msomaji, lakini asipokuwa na cha kulinganisha atakuita.

Wale 13 ndio wagumu kuelezeka, na ndio wanaoachwa wasitajwe. Kuna saratani zinazokwenda polepole mno, na kuna chembe zilizobaki ndani ya mirija ya maziwa bila kutoka nje. Kwa mtu mwenye miaka 78 na moyo mbovu, moyo utamtangulia. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumnyooshea kidole mmoja wao akasema "yako haitakudhuru", basi karibu wote hutibiwa. Utafiti wa Marekani wa 2023 ulikadiria kwamba miongoni mwa saratani zilizogunduliwa kwa wanawake waliopimwa, zilizokuwa za namna hiyo huenda zilifika asilimia 31 kwa wenye miaka 70 hadi 74, asilimia 47 kwa wenye 75 hadi 84, na asilimia 54 kwa wenye 85 na kuendelea. Matibabu yenyewe ni upasuaji, pengine mionzi, na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka mitano, ambavyo kutegemea aina yake huumiza viungo na kudhoofisha mifupa, au huongeza hatari ya damu kuganda. Haki isemwe pia: siku hizi mwenye zaidi ya miaka 70, akiwa na uvimbe mdogo unaosikia dawa za homoni na tezi za kwapa hazina dalili ya kuathirika, mara nyingi anaweza kusamehewa mionzi ilimradi ameze vidonge, na hata tezi hizo zisipasuliwe.

Kwa hiyo mama wa miaka 77 anayetembea vizuri, akisikia namba zote hizi akasema "nipimeni", si mjinga. Na mwenzake mwenye afya ileile akisema "nimetosheka", naye si mzembe. Swali moja nawaomba mjiulize kabla ya kwenda kupimwa: ikionekana saratani ndogo, nitakubali kutibiwa? Kama moyo unasema hapana kwa upasuaji na hapana kwa vidonge, kipimo kitakuachia habari tu na usiku wa mawazo. Watoto wenu wanaowasukuma kwenda wasomewe namba hizohizo.

Kwa mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, mimi nasema wazi: mwacheni. Titi hubanwa kati ya bamba mbili, hupigwa angalau picha mbili kila upande, na inabidi atulie. Asiyeelewa anafanywa nini huona anaadhibiwa.

Waliowahi kuugua saratani ya titi wana hesabu yao. Mwongozo wa wataalamu wa 2021 kwao ni kuacha mamografia za kawaida kama matarajio ya maisha ni chini ya miaka 5, kuendelea kama yanazidi 10, na katikati ya hapo wazungumze na daktari. Wenye kasoro ya kurithi ya jeni za BRCA, inayoongeza sana hatari ya saratani ya titi, au waliopigwa mionzi ya kifua ujanani, nao wasitumie namba za barua hii.

Madaktari, kuna kauli inayouma bila sababu. Wazee walipoulizwa nchini Marekani, katika utafiti wa 2017, walipendelea kuambiwa "kipimo hiki hakitakusaidia kuishi zaidi" kuliko "huenda usiishi muda wa kutosha ukafaidi kipimo hiki". Maana inakaribiana, ila ya pili ni tangazo la msiba. Tena msimpe mama namba akiwa ameshavaa viatu anatoka. Katika jaribio la 2020, wanawake wa miaka 75 hadi 89 walipewa kijitabu wasome kabla ya kumwona daktari. Walielewa zaidi, na katika miezi 18 iliyofuata waliopima walikuwa wachache kuliko wenzao.

Mkishaamua, andikeni kwenye faili uamuzi na sababu yake, kwa sentensi mbili, na mfute miadi inayojirudia yenyewe kwenye kompyuta. Bila hivyo daktari mwingine ataagiza kipimo kilekile mwaka ujao kwa mazoea. Ulizeni upya baada ya mwaka mmoja au miwili, au mapema zaidi mama akipata kiharusi, akivunjika nyonga, au akianza kupungua uzito. Na aliyeacha aondoke na jina la mtu wa kumwona na namba ya simu ya kliniki, atakayopiga siku hiyohiyo akigusa kitu.