Barua kutoka Galápagos

Puerto Ayora, Kisiwa cha Santa Cruz

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku kwema, ila mfukoni si kwema: hujatoka uwanja wa ndege wa Baltra, mgeni ushadaiwa dola 200 za hifadhi, taslimu. Nimelipa nimenuna, lakini sasa nimeshasamehe.

Visiwa hivi viko kama kilomita 1,000 kutoka bara la Ekwado. Vilizaliwa na volkeno, havijapata kushikana na bara, basi kila kilichofika kiliruka, kilielea au kilipeperushwa. Chui hawakufika. Ndiyo maana wanyama wa huku hawana habari ya kumkimbia mtu.

Ungeliona soko la samaki! Meza chache tu ufukweni. Mama anapaa samaki, ubavuni simba-bahari kaweka kidevu mezani kabisa, na ndege mwari nyuma wanapigana vikumbo. Mama anamsukuma kwa kiwiko bila hata kumtazama, kisu hakisimami. Utumbo ukitupwa, weee! Paka wa Darajani wana adabu.

Iguana wa baharini, mijusi wakubwa hao, wanalala rundo juu ya mawe meusi wakiota jua, kisha wanapiga mbizi kula mwani. Shamba lako la Paje wangelimaliza! Chumvi wanaitoa kwa chafya. Mmoja kanirushia miguuni. Sheria ni kukaa nao mbali mita 2, lakini hiyo umeambiwa wewe, si wao.

Wale kobe unaowalisha majani Changuu asili yao Aldabra, huko Shelisheli. Hawa ni ukoo mwingine. Kobe wakubwa hivi wamebaki kwao porini sehemu hizo mbili tu. Mabaharia wa zamani waliwapakia melini kwa maelfu, wazima wazima, wawe kitoweo, maana kobe hukaa miezi bila chakula wala maji. Wa kisiwa cha Pinta wameisha kabisa. Wa mwisho, George Mpweke, alikufa 2012, na mwili wake uliokaushwa uko hapa. Watu wanajipanga kumtazama. Mimi nilipita haraka nikaenda kwa vitoto vinavyolelewa jirani, vimeandikwa namba za rangi mgongoni, vinangoja gamba liwe gumu panya wasiviweze.

Kesho naenda kisiwa cha Isabela kwa boti, wanasema inarusha vibaya. Tangawizi yako nimeibakisha. Huko kuna ngwini, ikweta hii hii! Intaneti inasuasua, picha nitakutumia nikifika Quito. Nisalimie Bi Mkubwa, na umwambie zawadi yake ishanunuliwa asinipigie simu usiku.

Shoga yako,
Rukia