Vitabu vya Chenji ya Rada

Tukuyu,
Jumapili jioni

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua utacheka, umenizidi mwaka mmoja tu, lakini hiyo shikamoo uliidai tangu siku ya kwanza tulipokutana ofisi ya walimu, basi ipokee. Korosho zimefika. Kondakta alizishusha stendi saa nne usiku, na mvua inanyesha ile ya kwetu unayoijua, unaanika nguo Jumatatu unaanua Alhamisi zikiwa bado mbichi. Mfuko haukufunguliwa. Na kama alionja, alionja kwa adabu.

Umeandika kwamba ulipokuwa unapanga sanduku ulikuta kile kitabu cha Hisabati chenye mwandiko wa marehemu mwalimu mkuu ndani ya jalada, "Chenji ya rada", na mjukuu wako akauliza rada ni nini na kwa nini ilirudisha chenji. Nawe ukamjibu kuwa ilikuwa zawadi ya Waingereza. Somoe! Mwalimu mzima. Futa jibu hilo kabla hajalala nalo.

Ilikuwa hela yetu wenyewe, ilikwenda ikarudi. Serikali yetu ilinunua rada, mtambo wa kuongozea ndege, za jeshi na za abiria, kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa paundi milioni 28, na mwishoni mwa mwaka 2001 Waingereza wakatoa kibali iuzwe. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Hata ndani ya baraza la waziri mkuu wao, Tony Blair, waziri wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliipinga, lakini Blair akapitisha. Baadaye ikajulikana kwamba dola milioni 12.4, karibu theluthi ya bei, zilikuwa zimelipwa kwa dalali. Dalali wa rada, dada! Mimi nilidhani madalali ni wa viwanja na ng'ombe.

Desemba 2010 kampuni ikakiri mahakamani kule Southwark, London. Unajua ilikiri kosa gani? Kutotunza hesabu zake ipasavyo. Kosa la daftari. Rushwa yenyewe haikuthibitishwa. Faini ikawa paundi laki tano, na kwa makubaliano yao wakatulipa paundi milioni 29.5, zilizofika mwaka 2012, zikawa vitabu na madawati. Wewe ndiye uliyegawa vile vitabu darasa la nne, nami nikalalamika kwamba la tano tumepewa vichache.

Nimelikumbuka lote hili kwa sababu ya sehemu ya pili ya barua yako, pale uliposema tangu wale wenye silaha kutoka Msumbiji walipovamia kijiji chetu cha Kitaya ile Oktoba 2020 hujawahi tena kuutazama mto Ruvuma ukaona ni maji tu. Ukauliza: Msumbiji ina pwani ndefu vile, walinzi wa pwani walikuwa wapi? Dada, ulinzi ulinunuliwa, tena kwa mkopo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali yao, Proindicus, Ematum na MAM, zilikopa zaidi ya dola bilioni 2, nyingi kupitia benki ya Uswisi Credit Suisse na benki ya Kirusi VTB. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kulinda pwani kwa maboti ya doria na rada, na kuvua jodari. Waziri wa fedha, Manuel Chang, akaweka saini ya dhamana ya serikali na Bunge halikuambiwa. Kwa nini liambiwe? Ni mambo ya ulinzi, ni siri. Mwaka 2016 siri ikapasuka, wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu yao ikaanguka, na mama wa sokoni Nampula ndiye aliyelipa kwenye bei ya mkate. Wakaguzi walipopita mwaka uliofuata walikuta dola milioni 500 hazina maelezo. Boti za jodari zilikaa bandarini Maputo zikishika kutu. Na Oktoba ya mwaka huo huo, 2017, wale vijana wenye silaha wakaingia mji wa pwani wa Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 wakaiteka hata bandari yake. Bandari, Somoe, katika nchi iliyokopa mabilioni kulinda pwani.

Chang alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, na Januari 2025 mahakama ya New York ikampa miaka minane na nusu. Mtoto wa rais wao wa zamani alipewa kumi na miwili Maputo. Lakini ukikaa ukafikiri, rada yetu na maboti yao vilipita mlango mmoja. Mtu akisema "ulinzi wa taifa" sote tunanyamaza, anayeuliza bei anaonekana msaliti. Sijasema jeshi lisiwe na siri. Mahali mzinga ulipofichwa iwe siri. Bei ya mzinga na jina la dalali vinamficha nani, adui au sisi?

Sasa nikucheke na mimi kidogo. Unajua kiinua mgongo changu nilifungulia kibanda cha uwakala wa fedha za simu hapa stendi. Tangu tuwekwe kwenye ile orodha ya kijivu ya FATF, Oktoba 2022, siku moja na Msumbiji na Kongo, tumebanwa kweli. FATF ni ile kamati ya mataifa iliyoanzishwa Paris mwaka 1989 kuangalia nani analegeza kamba kwa fedha haramu na fedha za magaidi. Nchi ikiwekwa kijivu, benki za nje zinaanza kumwuliza mfanyabiashara wetu maswali mara tatu. Tulitoka Juni 2025, Msumbiji wakatoka Oktoba. Kwangu mimi orodha hiyo ilikuja kwa sura ya daftari: jina, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Bibi kutoka Ikuti anakuja kutoa elfu kumi na tano aliyotumiwa na mwanawe, kitambulisho kakisahau nyumbani, amepanda bajaji kwa elfu mbili. Namrudisha. Ananitazama kama nimemwibia. Na waliosaini bilioni mbili hawakuulizwa na mtu.

Hata hivyo, nisijifanye mtakatifu, lile daftari limenifundisha jambo. Mwaka jana alikuja kijana, shati safi, siku tatu mfululizo, kila siku na laini tofauti, kila siku anatoa laki nne na zaidi. Siku ya tatu namba ya kitambulisho ikawa ya mwanamke. Nikamwambia hela taslimu imeisha. Akaondoka bila ubishi, na mwenye hela yake halali angebisha. Wiki mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepigwa laki tatu na themanini na mtu aliyenipigia kwa sauti tamu, akijiita wa huduma kwa wateja. Mimi niliyekuwa nawacheka wanaotumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii"! Nilikopeleka taarifa nikaandikiwa karatasi, karatasi ninayo. Basi nilipomwona yule kijana nikajiuliza, hela yangu ilitolewa kwenye kibanda cha nani, na huyo wakala aliangalia kitambulisho?

Jirani yangu Mama Gwakisa ana kijana mwanajeshi aliyepelekwa Kongo na kikosi cha SADC. Mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 yule mama alikuwa halali, kila jioni anakuja kibandani kana kwamba mimi ni redio. Siku moja akaniuliza swali ambalo sijasikia mchambuzi akiuliza kwa lugha fupi hivyo: "Hao M23 risasi wananunuliwa na nani?" Nikamweleza nilichosoma, kwamba wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuwa baada ya kuushika mji wa Rubaya mwaka 2024 walikuwa wakikusanya walau dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru wa koltani, madini yanayoingia kwenye simu. Akaitazama simu yangu ya uwakala pale mezani. Akavuta khanga yake akaenda zake. Machi SADC wakaamua kukiondoa kikosi, na kijana amerudi, mzima, ila hapendi kuulizwa. Sisi tunampikia ndizi mbalaga tu.

Unakumbuka yule mtoto wa darasa la sita pale Masoko aliyeleta sarafu yenye tundu katikati, ameiokota kandokando ya ziwa Kisiba? Mwalimu wa Historia akasema ni heller ya Mjerumani, na kwamba hapo ndipo sisi tulipopata neno hela. Wazee bado wanasema Wajerumani walipoikimbia boma mwaka 1916 walitupa ziwani silaha na masanduku ya fedha, na kila anayeshuka pale huinama kidogo kutazama. Hata wewe uliinama, nilikuona. Ukija likizo ya Juni twende tena, sasa hatuna kipindi cha kuwahi.

Mwambie mjukuu kitabu akitunze. Kina hesabu za kugawanya kuanzia katikati, azifanye zote.

Nimempa kondakta yule yule kilo kumi za mchele wa Kyela, unapitia Songea, utafika Jumatano. Nauli nimeshalipa, usikubali kulipa tena. Risiti imo ndani ya gunia, juu kabisa, nimeiandika na kiasi.

Wako,
Mama Atupele