Barua ya wazi kwa mliosoma chuo pamoja: mwenzenu ajulikane alipo angali hai

Wanangu mliosoma chuo pamoja, mlioko Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kisii na mlio ng'ambo,

Salamu nyingi. Nawaandikia kama mwalimu wenu wa zamani, na kama mzee, kwa jambo moja. Kundi lenu la WhatsApp lina majina mengi, lakini habari zinazopita humo ni za aina mbili: fulani amepandishwa cheo, fulani ametutoka. Maisha ya wengi yako katikati ya hizo mbili, na huko haulizwi mtu. Mwenzenu anakaa miaka bila kutajwa, halafu asubuhi moja picha yake inawekwa na mshumaa pembeni, "pole sana" zinafuatana, na mweka hazina anatangaza mchango. Nataka kila mmoja wenu ajulikane alipo angali hai, na kujua huko kuwe kazi ya mtu aliyechaguliwa, si bahati.

Anzeni na daftari. Namba zilizo kwenye kundi si daftari, kwa kuwa laini ikikaa miezi bila kutumika hufungwa, na baadaye namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Mnadhani mwenzenu amewapuuza, kumbe meseji zinamfikia mgeni huko Malindi. Katika daftari, kila mmoja awe na mstari wake: jina lililokuwa kwenye rejista ya chuo, jina analotumia sasa (akina dada wengi wamebadilisha), namba mbili za simu, mji anaoishi, na kwao nyumbani kwa lokesheni na soko la karibu. Kisha jina na simu ya mtu wa kuulizwa yeye asipopatikana: mume, mke, dada, au jirani wa plot. Mwisho, tarehe ambayo habari hizo zilihakikishwa. Safu hiyo ya tarehe ndiyo husahaulika, na bila hiyo daftari linageuka kuwa orodha ya mambo yaliyokuwa kweli zamani.

Msiandike humo namba ya kitambulisho, mshahara wala ugonjwa wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata ninyi, na orodha kama hiyo hutafutwa sana na wauza bima na wagombea viti. Ishikwe na watu wawili wanaoishi miji tofauti, mmoja Nakuru na mwingine Kisumu kwa mfano, kila mmoja akiwa na nakala yake ya karatasi. Simu huibwa na kuingia maji. Kitabu cha mazoezi cha kurasa 96 hakihitaji chaji.

Wawili hao hawataweza kuwapigia wote. Gawaneni kumi kumi. Mkiwa 120, mnahitaji wapigaji 12, kila mmoja na watu wake kumi, mara mbili kwa mwaka: likizo ya Aprili na likizo ya Desemba. Nasema kupiga, si kuandika. Kwenye meseji kila mtu ni "mzima, tunamshukuru Mungu". Kwenye simu utasikia anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Jumapili kati ya saa mbili na saa tatu usiku ni wakati mzuri, watu wamekula na matatu zimetulia. Dakika kumi zinatosha kwa kila mtu.

Swali la kwanza lisiwe "siku hizi unafanya kazi wapi?" Kwa aliyeachishwa kazi swali hilo ni mlango uliofungwa usoni, na hatapokea simu yako tena. Anza na watu: wazazi wako hai, mtoto wa kwanza amefika gredi gani. Kisha uliza siku zake zinakwendaje, unyamaze, umwache aseme. Kabla ya kuagana uliza hili, kwa maneno haya haya: "Katika hayo uliyoniambia, lipi niwaambie wenzetu na lipi libaki kwetu wawili?" Mpigaji asiyeuliza hivyo ataanika ndoa ya mtu mbele ya watu mia bila kukusudia, na kazi ya miaka itaharibika usiku mmoja.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwenu isiwe hivyo, kwa maana wasiokuwepo ndio wenye haja zaidi. Mkidhani aliyenyamaza anaringa, mara nyingi mtakuwa mmekosea. Kazi imeisha. Ndoa imevunjika, na picha za harusi bado ziko kwenye kundi. Amehamishiwa shule ya mbali na kwao na analea watoto kwa simu. Pombe imemshika. Ana msongo wa mawazo na hana wa kumwambia. Na lipo deni, ambalo naliweka juu ya yote haya kwa kutenganisha watu waliosoma pamoja. Mtu alikopa shilingi 5,000 kwa mwenzake, akashindwa kulipa mwezi ule, na tangu hapo kila akiandika neno kwenye kundi anahofia jibu. Anayemdai naye anaweka vijembe kuhusu "marafiki wa kukopa". Mwishowe aliyekopa anajitoa kimya kimya, na kundi linampoteza mtu kwa 5,000.

Hilo lina dawa. Anayedai asitaje deni mbele ya wengine hata kwa fumbo. Mpigaji wa aliyekopa awakutanishe wawili hao, na wakubaliane kiasi kinacholipika: 500 kwa mwezi kwa miezi kumi ni bora kuliko ahadi ya kulipa yote mwisho wa mwezi huu. Waandike kwenye meseji tarehe ya kila malipo. Kama mdai anaweza kusamehe, asamehe waziwazi kwa mwenye deni, lakini asilitangaze kwenye kundi ili asifiwe.

Aliyejitoa msimrudishe kwa nguvu. Mpigaji wake amuulize kwanza. Akikataa, abaki kwenye daftari na aendelee kupigiwa. Kama simu haipatikani mara tatu kwa siku tofauti, mpigieni yule mtu wa pili. Naye akikosekana, wawili wanaoishi karibu na kwao waende wenyewe, wapitie kanisani, sokoni au kwa chifu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mlio Nairobi mchangie nauli, mlio Mbale au Luanda za Vihiga mtembee.

Kuhusu kutoa habari zako mwenyewe, andika mara moja kwa mwaka, kwa ufupi, vitu ambavyo mwenzako anaweza kuvitumia. Kitu kama hiki: "Niko Njoro tangu Mei. Nafundisha gredi ya 4 na ya 5, na nauza miche ya miparachichi nyumbani. Mama yangu amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, yuko kwangu. Natafuta mtu anayejua pa kupata kiti cha magurudumu kwa bei nafuu. Anayetaka kuhamia upande huu, naweza kumwonyesha shule na nyumba." Kuna mahali, kazi, shida, ombi na msaada anaotoa. Hakuna kujigamba wala kulia. Aliyepandishwa cheo naye aseme, asione haya, lakini aongeze aliulizwa nini kwenye mahojiano na vyeti gani vilitakiwa. Nafasi ya kazi iwekwe na jina la mwajiri, mahali, sifa zinazotakiwa na siku ya mwisho ya kutuma maombi. "Kuna nafasi, njoo inbox" si habari. Na ikiwa faida ya kazi hiyo inategemea kuleta watu wengine wawili nao walipe, iondoeni siku hiyo hiyo.

Mtu akiugua, ulizeni kabla ya kuchangisha kama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na kama amelipa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini asiye na ajira hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Wengi wa biashara ndogo na vibarua wamekwama hapo. Wapigaji wakigundua hilo mwezi wa Aprili, watu kumi wakatoa 360 kila mmoja, mmemkinga mwenzenu kabla bili haijafika.

Mtu akifariki, asiandike yeyote mpaka mpigaji wake azungumze na mume, mke au ndugu wa marehemu. Kuna mama waliojua habari ya mtoto wao kupitia rambirambi. Tangazo liwe moja, na liwe na jina kamili, mochari alipo mwili, mahali na siku ya mazishi, barabara ya kufika huko, na mwakilishi wenu ni nani. Picha za ajali zisiwekwe kabisa. Watoto wa marehemu wana simu. Viwango vya mchango viwekwe mapema, watu wakiwa na akili tulivu, kwa mfano 1,000 kwa mwanachama, 500 kwa mume, mke au mtoto, 300 kwa mzazi. Visipowekwa, maarufu atazikwa kwa laki tatu na mnyonge kwa elfu nane, na watu wataona na watakumbuka.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mweka hazina. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, siku akifariki yeye zitafungiwa humo na jamaa zake hawatajua ni za nani. Mkiwa kumi au zaidi mnaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Pelekeni katiba, kumbukumbu za mkutano uliokubali kusajili kikundi, na orodha ya wanachama. Kwa cheti hicho mtafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila pesa inapotoka. Hesabu itolewe ndani ya siku saba baada ya mazishi, jina kwa jina.

Jihadharini pia na wezi wanaoteka WhatsApp ya mwenzenu na kuomba pesa kwa jina lake. Huanza kwa kukuomba ile namba ya siri ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako "kwa makosa". Usimpe mtu yeyote. Na akikuandikia mwenzako kwamba amekwama, mpigie usikie sauti yake, halafu soma jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kutuma.

Mkishazika, kazi haijaisha. Mwenzenu aliyeajiriwa zamani akiwa hajaoa aliandika mama yake kuwa mrithi kwenye sacco na bima, kisha akaoa na asibadilishe. Mjane anafika ofisini na cheti cha kifo, anaambiwa jina lake halipo, na ugomvi na mama mkwe unaanza. Katika simu za Aprili, kila mpigaji akumbushe watu wake kumi: nenda ukaangalie majina ya warithi kwenye sacco, bima na pensheni, hasa mlio kwenye mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021. Jina la marehemu lisifutwe kwenye daftari. Chini yake iandikwe simu ya mjane au mtoto mkubwa, na apigiwe kila Januari, wakati wa karo.

Mkutano wa ana kwa ana, mmoja kila baada ya miaka miwili unatosha. Jumamosi haifai: Wasabato wako kanisani, na upande wetu ndiyo siku ya mazishi. Agosti ya miaka kama 2026 na 2028 Wabukusu wana tohara, mzazi hawezi kutoka boma. Mimi naona 12 Desemba, isipoangukia Jumamosi: shule zimefungwa na nauli za Krismasi hazijapanda. Kericho ni kama kilomita 80 kutoka Kisumu na 110 kutoka Nakuru, kwa hiyo hakuna anayebeba safari peke yake. Anzeni saa nne asubuhi, mvua ya huko hupenda alasiri.

Tena kuna uchaguzi Agosti 2027. Ninyi ni Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, na mlilala bweni moja. Walioishi Nakuru na Kisumu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanajua picha moja isiyo na tarehe wala mahali inaweza kufanya nini. Kuanzia Juni 2027 siasa zisiingie kwenye kundi, na wapigaji waongeze simu kwa wale wanaoishi mbali na kwao.

Jumapili hii saa mbili usiku, pigianeni mchague wawili wa daftari na mgawane kumi kumi. Halafu fungueni kundi, mtafute ambao hawajaandika neno tangu mwaka jana. Muanze na hao.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kakamega